Sura ya Tano: Ufunguo Anao Nani?

"Mama, wewe kaa tu."

Nimeisikia kauli hii katika nyumba nyingi, Temeke na Tanga, Mombasa na Morogoro, na kila mara imesemwa kwa mapenzi ya kweli. Mama ameletwa mjini. Pengine alianguka, pengine baba amefariki, pengine jirani alipiga simu kusema amemwona njiani akihangaika na ndoo ya maji. Watoto wakakutana, wakachanga nauli, mmoja akatumwa kwenda kumchukua. Kuku wakagawiwa majirani, shamba akaachiwa mpwa, mlango ukatiwa kufuli na ufunguo akauchukua kaka mkubwa ili usipotee. Mjini mama amepewa chumba chenye dirisha zuri na kitanda chenye chandarua. Dada wa kazi ameonywa asimwache anyanyue hata sufuria. Akishika ufagio anapokonywa. Akichungulia jikoni anaambiwa gesi ni hatari. Umetulea vya kutosha, mama, sasa pumzika.

Baada ya miezi michache mama hainuki kitini mpaka ashikwe mkono. Watoto wanasema uzee umemjia kwa kishindo. Mimi naamini sehemu kubwa ya uzee huo tumempa sisi. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa kundi dogo la wazee wenye afya njema, waliokubali kulala kitandani siku kumi. Walipopimwa tena, miguu yao ilikuwa imepoteza karibu kilo nzima ya misuli. Hiyo ni siku kumi, kwa watu wasioumwa chochote. Mama wa Temeke anakalishwa mwaka.

Na misuli ni sehemu ndogo tu ya alichopoteza. Kijijini alikuwa mtu wa kufuatwa: anayejua mbegu ya nani ni nzuri, anayeamua leo patapikwa nini, anayemkatalia mgeni asiyemtaka. Mjini anaulizwa kama ameshakula.

Nataka tulitazame jambo ambalo nchi zenye wazee wengi zimehangaika nalo kwa muda mrefu: mtu aliyedhoofika kwa umri akihitaji msaada, je, lazima aiache nyumba yake aufuate msaada uliko, au msaada unaweza kumfuata yeye? Zamani karibu kila mahali jibu lilikuwa lile la kwanza. Mzee alihamishwa. Uingereza, Peter Townsend alipozizungukia taasisi za wazee mwishoni mwa miaka ya 1950, akaingia katika 173 kati yake, alikuta nyingi bado zimo ndani ya majengo yaliyojengwa karne iliyotangulia kwa ajili ya kuwafungia maskini. Vitanda vimepangwa kwa safu. Watu hawana hata kabati la kuwekea picha ya ndoa. Kitabu alichokitoa mwaka 1962 kiliwachoma Waingereza wengi, na kikasaidia kugeuza mawazo.

Lakini ninayetaka kukaa naye zaidi ni mwanamke mmoja wa Marekani.

Keren Brown Wilson alikuwa mwanafunzi wa chuo, ana miaka 19, mama yake alipopatwa na kiharusi. Mama huyo, Jessie, alikuwa na miaka 55 tu. Upande mmoja wa mwili ulikataa, usemi ukawa wa shida, na kwa kuwa familia haikuwa na fedha, akaishia katika nyumba ya kutunzia wazee. Akili yake ilikuwa timamu. Miaka ikapita, binti akasomea mambo ya uzee chuo kikuu, na mama akamuuliza swali ambalo mzazi yeyote angeweza kumuuliza mtoto msomi: kwa nini usifanye kitu cha kutusaidia watu kama mimi?

Binti akamuuliza anataka nini hasa. Orodha ya Jessie haikuwa na dawa mpya wala mashine. Alitaka chumba chake chenye jiko dogo na bafu. Alitaka vyombo vyake, paka wake, kazi zake za mikono alizoziacha nusu. Alitaka watu wa kumsaidia katika yale asiyoyaweza, na mlango anaoweza kuufunga mwenyewe.

Mwaka 1983 Wilson na mumewe wakafungua jengo la Park Place mjini Portland, jimbo la Oregon, lenye makazi 112. Kila mkazi alikuwa na nyumba yake kamili ndani ya jengo hilo: jiko, bafu, mlango wa mbele wenye kufuli. Aliingia na makochi yake, na mnyama wake kama anaye. Joto la chumba alilipanga mwenyewe. Muuguzi alikuwepo, wahudumu walikuwepo, kulikuwa na kitufe cha kuita usiku, na aliyehitaji kuogeshwa au kukumbushwa dawa alisaidiwa. Wengi wao, kwa hali zao, wangekuwa wagonjwa wa kulazwa katika taasisi za kawaida. Wilson aliwaita wapangaji.

Neno hilo ndilo lililobeba mageuzi yote. Mgonjwa huingiliwa wakati wowote, mpangaji hubishiwa hodi. Mgonjwa huamshwa saa kumi na mbili kwa kuwa zamu ya wauguzi inabadilika, lakini mpangaji huamka anapotaka, na akikataa uji, amekataa. Wakaguzi wa serikali waliuliza yale ambayo mimi na wewe tungeuliza. Vipi mwenye kisukari akificha pipi ndani? Vipi akifunga mlango kisha aanguke? Mtu anayesahausahau aachiwe jiko? Hakuna aliyeweza kuapa kwamba mabaya hayatatokea. Wahudumu walilazimika kujifunza kazi ngumu kuliko ya kuamrisha, nayo ni kuzungumza na mtu, kumshauri, kumbembeleza, na mara nyingine kukubali uamuzi wake.

Jimbo la Oregon lilikubali jaribio hilo kwa sharti kwamba wapangaji wafuatiliwe kwa vipimo. Matokeo yalipotoka mwaka 1988, afya ya miili yao ilikuwa haijaporomoka, uwezo wa mambo ya kila siku na fahamu ulikuwa umepanda, huzuni nzito imepungua. Kwa waliolipiwa na serikali, gharama ilikuwa pungufu kwa asilimia 20 kuliko ile ya nyumba za kutunzia wazee. Usalama ambao watu waliogopa kuupoteza haukupotea.

Baadaye jambo zuri likaingia sokoni. Makampuni mengi ya Marekani yalichukua jina la makazi ya aina hii, yakaacha kiini chake. Jengo likapakwa rangi, bustani ikapandwa maua, vipeperushi vikachapishwa, na mlango ukabaki bila kufuli. Wilson mwenyewe aliliona hilo na kulisikitikia. Jengo haliwezi kujulikana kwa jina lililoandikwa getini. Ingia, utazame ufunguo uko kwa nani.

Denmark walifika mahali hapo kwa njia nyingine, ya sheria. Mwishoni mwa miaka ya 1970 iliundwa tume ya kuangalia maisha ya wazee, na tume hiyo ilipendekeza misingi ambayo Wadenmark wanaitaja hadi leo: maisha ya mtu yaendelee kama yalivyokuwa kadiri inavyowezekana, aamue mambo yake mwenyewe, na nguvu zilizobaki mwilini mwake zitumike. Ikapitishwa sheria mwaka 1987, na tangu mwaka uliofuata nchi hiyo ikaacha kujenga taasisi za wazee za mtindo wa zamani. Zikajengwa nyumba za wazee zenye jiko, choo na mkataba wa upangaji.

Kuna kipengele kimoja katika mageuzi yale ambacho wageni hukipita haraka, nami naomba tusimame hapo. Katika taasisi za zamani za Denmark, mzee alipoingia, pensheni yake ilichukuliwa na taasisi. Chakula, kitanda, dawa na sabuni alipewa, na juu yake akapewa pesa kidogo za mfukoni, kama mtoto anayekwenda shule. Mageuzi yalitenganisha mambo haya. Mzee akabaki na pensheni yake, akalipa kodi ya nyumba kama mtu mwingine, akanunua chakula alichokitaka, na msaada wa mwili ukatolewa kulingana na hali yake, popote anapoishi. Mtu anayelipa kodi kwa mkono wake ana sauti. Anaweza kulalamika bomba linavuja. Anaweza kusema huyu mhudumu simtaki, nileteeni mwingine. Mwenye pesa za mfukoni hushukuru tu.

Jaribio lililoitangulia sheria hiyo lilifanyika Skævinge, halmashauri ndogo kaskazini mwa Copenhagen. Mwaka 1984 pale palikuwa na nyumba ya kutunzia wazee, na mbali nayo kundi dogo la wauguzi waliozunguka majumbani mchana. Halmashauri ikaviunganisha. Wakazi wa ile nyumba wakageuzwa wapangaji, jengo likawa kituo, na wafanyakazi wake wakaanza kutoka nje, usiku na mchana, kwenda kwa yeyote mwenye haja. Bibi anayeishi peke yake maili mbili kutoka pale akawa na haki ya muuguzi wa saa tisa usiku sawa na aliyelala ndani ya jengo. Kilichokuwa kinawahamisha watu wengi, yaani hofu ya usiku, kikaondolewa.

Hofu ya usiku. Ukizungumza na watoto waliowahamisha wazazi wao, chimba kidogo tu utaikuta. Mchana hauwasumbui. Wanachofikiria ni mama kuamka kwenda chooni saa nane, taa hakuna, ngazi mbili, sakafu ina maji.

Mwaka 2008 halmashauri nyingine ya Denmark, Fredericia, ilisogeza wazo hili mbele. Mzee alipoomba msaada wa nyumbani, hawakumpelekea mara moja mtu wa kumfanyia. Walimpelekea mtaalamu wa mazoezi ya viungo na wahudumu waliofunzwa, wakakaa naye wiki kadhaa wakimrudisha kwenye uwezo wake. Aliyeshindwa kuvaa soksi alifundishwa njia nyingine ya kuzivaa, au akapewa kifaa cha kuzivutia. Aliyeogopa bafu alifungiwa bomba la kushikia, akasindikizwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akaachwa aoge mwenyewe. Wengi hawakuhitaji tena msaada, au walihitaji kidogo. Kuanzia mwaka 2015 sheria ya Denmark ikazitaka halmashauri zote zifanye hivyo kwanza kwa wale wanaoweza kufaidika.

Sitaki msomaji adhani kila mzee anaweza kuvaa soksi. Wapo ambao mwili umekwisha, wapo ambao akili imetoweka kiasi kwamba mlango wenye kufuli ni hatari kwao, na kuwaacha peke yao kwa jina la uhuru ni kuwatelekeza. Msaada mdogo kuliko haja ni ukatili sawa na ule wa kukalisha. Na msaada ndio hukatwa kwanza fedha zikipungua. Uingereza mwaka 2003 ilianzisha mfuko maalumu wa kugharimia msaada kwa watu wenye shida katika makazi yao, wakiwemo wazee wa nyumba za namna hii, pauni bilioni 1.8 mwanzoni mwake. Mwaka 2009 halmashauri zikaruhusiwa kuzitumia fedha hizo kwa mambo mengine, na sehemu nyingi msimamizi aliyekuwa akiishi ndani ya jengo la wazee, akigonga mlango wa kila mzee asubuhi, akaondolewa. Ikabaki kamba nyekundu bafuni, ya kuvuta ukianguka. Wahudumu wa huko wanajua kisa cha kamba hiyo: mara nyingi hukutwa imefungwa fundo juu, kwa sababu inamsumbua mtu anayefagia. Aliyeanguka sakafuni haifikii. Kamba haina uwezo wa kugundua kwamba leo mlango wa Bi fulani haujafunguliwa.

Jirani anao.

Ndiyo maana nikirudi nyumbani kwetu naitazama kwa jicho jipya ile nyumba tunayoiita ya Kiswahili. Unaijua: mlango katikati, baraza mbele, ukumbi mrefu wenye vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani kuna jiko, kisima au bomba, na choo. Magomeni, Ilala, Majengo ya Moshi, mitaa ya zamani ya Mombasa, humo ndani mwenye nyumba mara nyingi ni mama mjane mwenye umri mkubwa. Anakaa chumba cha mbele. Vyumba vitano amepangisha. Kodi ndiyo pensheni yake, kwa sababu alikuwa mama lishe au mkulima, hakuwahi kuwa na mwajiri wa kumwekea akiba. Anakusanya pesa za umeme wa LUKU, anaamua ugomvi wa zamu ya kufagia uani, anamkemea kijana wa chumba cha nyuma anayerudi usiku wa manane na redio. Saa mbili asubuhi asipoonekana barazani, mpangaji yeyote atagonga. "Bibi, umeamkaje leo?" Swali hilo huulizwa kila siku bila mfuko wa serikali.

Nchi nyingine zimetumia mabilioni kutengeneza kitu kinachofanana na hicho: mlango wake, kipato chake, watu karibu, sauti yake ikisikika. Sisi tunacho, na tunakivunja. Nyumba inauzwa ili warithi wagawane mwenyewe angali hai, bibi anapelekwa Mbagala kwa mwanawe, ghorofa linasimama.

Siipambi nyumba hiyo kuliko ilivyo. Choo chake ni cha kuchuchumaa, hakina pa kushika. Kati ya ukumbi na uani kuna kizingiti ambacho kimevunja nyonga nyingi. Wapangaji ni watu wazuri lakini hawana mafunzo. Bibi akipata kiharusi watamwinua vibaya, na kidonda cha mgongo kikianza hawatakijua mpaka kinuke. Kinachokosekana hapo ni kazi ya fundi wa siku mbili na ziara za mhudumu wa afya. Hicho si kitu kikubwa kukidai kwa halmashauri zetu, ambazo tayari zina wahudumu wa afya ya jamii wanaozunguka mitaani kwa ajili ya wajawazito na watoto. Waongezewe mlango mmoja wa kugonga.

Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania, ya mwaka 2003, iliiweka familia na jamii mbele na makao ya wazee mwisho kabisa, kwa wasio na mtu. Naafiki mpangilio huo. Lakini familia haiwezi kutunza kwa maneno. Zanzibar, ambayo ina makao ya wazee ya serikali Sebleni na Welezo, ilichukua hatua kubwa Aprili 2016 ilipoanza kumlipa kila mzee aliyefika miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, awe na watoto au asiwe nao, na baadaye kiasi hicho kikapandishwa hadi 50,000. Kenya nayo ikaanza mwaka 2018 kulipa shilingi 2,000 za Kenya kwa waliofikia miaka 70. Ni fedha kidogo. Hata hivyo zinakwenda kwa mzee, alipo, kwa jina lake.

Muleba, mkoani Kagera, mradi wa Kwa Wazee ulianza mwaka 2003 kwa kuwapa bibi na babu maskini pensheni ndogo kila mwezi, wengi wao wakiwa wanalea wajukuu walioachwa yatima na UKIMWI. Tathmini ilipofanywa ilikutwa pesa zimekwenda kwenye chumvi, sabuni na viatu vya shule. Nalitaja hili kwa wanaodhani mzee akipewa fedha mkononi ataibiwa au atazipoteza. Bibi wa Muleba hakuhamishwa popote. Alibaki ndani ya migomba yake, akawa na uwezo wa kununua chumvi bila kuomba.

Pale Mji Mkongwe wa Unguja zipo nyumba za wakfu, zilizoachwa na wenye mali wa karne zilizopita, nyingine kwa ajili ya kuwasitiri wasio na uwezo. Wazo la kwamba nyumba inaweza kutolewa ili mtu mnyonge akae kwa heshima, chini ya dari yake, bila kusimangwa, lilikuwepo katika pwani hii kabla ya tume yoyote ya Denmark. Wenye uwezo wa leo wanajenga misikiti na makanisa, na Mungu awalipe. Ningependa wawepo pia wa kujenga vyumba vinne vya wajane vyenye ua mmoja, choo kipana chenye bomba la kushikia, na kufuli nne zenye funguo nne.

Nawe unayesoma, kama katika droo yako kuna ufunguo wa nyumba ya mama, usiamue kwa niaba yake. Muulize. Akisema anataka kurudi, nenda naye, ulale kwake siku tatu, usimshike mkono mpaka akuombe, uangalie tu ni wapi anasita. Ng'oa kile kizingiti. Weka taa ya sola ukumbini. Tafuta kijana mwaminifu wa kupanga chumba cha pili kwa kodi nafuu, na muuguzi wa zahanati umwachie namba yako. Kisha mwite fundi, ingieni chooni wote watatu, mama aoneshe mwenyewe anaposhika akiinuka, na bomba lifungwe hapo mkono wake unapofika.

Halafu mkabidhi ufunguo.